Nyumba Bila Ardhi: Shajara ya Modeli za Giardini

Jumamosi, 12 Julai 2025

Leo tumefagia chumba cha nyuma cha karakana hapa Kibokoni, Mombasa, tumetoa vumbi la miaka, na kazi imeanza. Maneno yake yalianza Mei, siku zile maonyesho ya usanifu majengo ya Venice, Italia, yalipofunguliwa. Kijana mmoja wa karakana alinisogezea simu: nyumba juu ya kilima, uso wake umefunikwa pazia la shanga. "Fundi, hii wamesema ni ya Uingereza na Kenya." Nikamwambia haiwezekani, nchi ni mbili na nyumba ni moja. Kumbe inawezekana.

Tutatengeneza modeli za mabanda ya mataifa ya bustani ile iitwayo Giardini, kwa skeli ya 1:50, yaani ndogo mara hamsini kuliko nyumba zenyewe, na zote ziwe mezani ifikapo tarehe 23 Novemba, siku maonyesho yenyewe yanapofungwa kule. Tuko watatu: mimi, kijana wa simu, na binti anayesoma ramani za majengo chuoni ambaye huja hapa wikendi. Bajeti ni mabaki tu. Wachonga milango wa mtaani wameahidi vipande vya mvule na msaji, na watengeneza kabati wa upande wa pili wa barabara wataniwekea fomaika zilizobaki, yale mabamba membamba magumu ya kufunikia mbao.

Kwa asiyeyajua maonyesho haya: Venice ilianza na maonyesho ya sanaa mwaka 1895, na usanifu majengo ukapata maonyesho yake rasmi mwaka 1980. Siku hizi huwa kila baada ya miaka miwili. Yana msimamizi mkuu anayechagua mada, mwaka huu ni Carlo Ratti, na kando yake kila nchi inaleta yake. Sehemu kubwa ni mbili, Giardini na Arsenale. Giardini ndiko kwenye nyumba 29 za mataifa, nyingi zimejengwa na wenyewe kwa mtindo waupendao. Wabelgiji walitangulia, mwaka 1907.

Jina "banda" linanikera kidogo, lakini ndilo tulilo nalo tangu tulipokuwa tukipelekwa shoo ya kilimo ya Mkomani na shule. Banda kwetu ni kitu cha mabati na turubai, kinachovunjwa wiki ikiisha. Haya mengine yana nguzo za mawe na yamesimama zaidi ya miaka mia moja.

Jumapili, 27 Julai

Nimekata orodha. Nyumba 29 kwa 1:50 hazienei hapa hata tukizipanga kama dagaa. Chumba chetu kina urefu wa mita 5.1 na upana wa mita 2.7, na ule upana haukuchaguliwa na mtu. Uliamuliwa na boriti. Mti wa mikoko unaobeba dari la mawe na chokaa haukubali kuvuka zaidi ya hapo, ndiyo maana nyumba zote za kale za pwani yetu zina vyumba virefu vyembamba. Nitakuja kulikumbuka hili tukifika kwenye paa la Sverre Fehn, msanifu wa banda la Nordiki.

Zimebaki tano: Ufini, banda la Nordiki, Ujerumani, Misri na Uingereza. Binti alipigania sana Venezuela, kazi ya msanifu Carlo Scarpa ya miaka ya hamsini. Nimemkatalia. Kona moja ya Scarpa inataka mwezi mzima, na mimi nina milango ya watu inayonisubiri.

Jioni tulitandika ramani ya bustani na kuanza kuchomeka pini, na hapo ndipo mradi ukapata jina lake. Binti aliuliza ardhi ile ni ya nani. Majengo ni ya nchi zenyewe, nikamwambia, lakini bustani ni ya mji wa Venice. Napoleon ndiye aliyeamuru itengenezwe mwanzoni mwa karne ya 19, pakafukiwa kinamasi na kuvunjwa makanisa na nyumba za watawa. Kijana akacheka: "Kwa hivyo ni nyumba bila ardhi."

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi. Mitaa yetu ya Majengo na Kisauni imejaa nyumba za namna hiyo: kuta zako, paa lako, lakini udongo wa mwingine, na kila mwezi unalipa kodi ya kiwanja. Tofauti ni kwamba kwetu nyumba bila ardhi ni ya mnyonge, na kule ni kiti cha wakubwa. Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na Urusi wote walikuwa na nyumba zao ifikapo 1914. Baada ya Korea Kusini kuingia mwaka 1995, ikachukua miongo mpaka Qatar ikapewa kiwanja majuzi hivi. Tuliweka pini nyekundu kwa Afrika. Pini ni moja, Misri, ng'ambo ya mfereji mwishoni mwa bustani, ndani ya safu ya mabanda iliyochorwa na Brenno Del Giudice na kujengwa mwaka 1932. Misri iliingia humo miaka ishirini baadaye.

Binti aliitazama ile pini muda mrefu, kisha akaichomoa na kuichomeka tena, kama anayehakikisha iko mahali pake.

Jumatano, 13 Agosti

Ujerumani imekwisha kwa siku mbili. Nguzo nne, kuta tupu, mlango mrefu wa kumfanya mtu ajione mdogo. Sura hii waliipa mwaka 1938, enzi za Wanazi, na anayejua historia ya mwaka huo ataelewa kwa nini hata kwenye kadibodi inakunja uso. Nimeitia kwenye orodha kwa sababu moja. Mwaka 2023 Wajerumani walikataa kuleta vitu vipya. Waliokota mabaki ya maonyesho ya sanaa yaliyokuwa yamemalizika, mbao, vitambaa, vyuma, wakayapanga ndani na kufungua karakana ya kutengenezea watu vitu. Mwenzetu katika mabaki haachwi nje.

Ufini ndiyo iliyotuchezesha. Msanifu wao Alvar Aalto aliichora iwe ya muda: vipande vya mbao vikakatwa kwao Ufini, vikasafirishwa, vikaungwa Venice mwaka 1956. Hili sasa ndilo banda la kweli kwa maana yetu ya Kiswahili! Kuta za buluu iliyoiva, na nje yake pembetatu kubwa nyeupe za mbao zinazobeba paa. Lilikusudiwa kuvunjwa na kuhamishwa, na mpaka leo liko palepale. Mwaka 2011 mti uliangukia paa lake wakati wa dhoruba, wakalitengeneza, na mwaka uliofuata likafunguliwa.

Tumeapa kutotumia gundi. Kila kiungo ni cha kuchomoa na kurudisha, kwa vijiti vya mianzi vya mishikaki badala ya bolti. Kijana alitoboa matundu ya upande wa kushoto kwa kupima kutoka ukingo usio sahihi, na hatukugundua hadi paa lilipokaa upogo kama kofia ya mlevi. Tukaanza upya. Saa kumi na mbili stima ikapotea, tukamalizia kupiga msasa kwa tochi za simu.

Alhamisi, 28 Agosti

Siku ya binamu yangu. Anaishi Mestre, ng'ambo ya daraja kutoka Venice, anafanya kazi jikoni. Kiitaliano hakujifunza Italia. Alikiokota ufukweni Malindi akiwa kijana, kama wenzake wengi wa pale, na alipofika Ulaya alishangaza watu kwa kujua matusi kabla ya kujua kuomba kazi. Nilimwomba aende na tepu.

Alikwenda Jumatatu, siku yake ya mapumziko, akakuta geti limefungwa, maana Jumatatu nyingi huwa hawafungui. Akaomba ruhusa ya Jumatano. Jana mchana zikaanza kuingia sauti za WhatsApp.

"Kaka, nimezunguka bustani yote. Kenya haipo."

"Tafuta nyumba ya Waingereza."

"Nimekuambia Kenya, wewe waniambia Waingereza?"

"Panda kilima, ndugu yangu, utaona shanga."

Kimya cha robo saa. Kisha sauti nyingine, ya chini, kama mtu aliye msikitini: "Nimeiona."

Banda hili la mwaka huu limeandaliwa na watu wanne kwa pamoja: Owen Hopkins na Kathryn Yusoff kutoka Uingereza, na Kabage Karanja na Stella Mutegi wa Cave_bureau, ofisi ya wasanifu ya Nairobi. Wamelifanya kuhusu Bonde la Ufa, kuhusu ardhi na kile ambacho dola ya Kiingereza ilikichimba na kukichana, na namna gani kinaweza kutengenezwa. Chumba cha kwanza kinaonyesha anga la London na la Nairobi lilivyokuwa tarehe 12 Desemba 1963. Nilipomweleza binamu tarehe hiyo ni ya nini, alijibu kwa kunitumia emoji ya bendera tu. Waamuzi wa maonyesho waliwapa tuzo ya kutajwa kwa heshima.

Cave_bureau ni watu wa mapango. Wamepima mapango ya mlima Suswa, wamepima mpaka ya Shimoni, hapa kwetu kusini, pale wazee wanaposimulia watumwa walivyofichwa kungoja majahazi. Nilipelekwa mle nikiwa mdogo na sikulala siku mbili. Sikuwahi kudhani pango lile ni "usanifu". Sasa naanza kukubali. Kuna paa, kuna mlango, kuna mwanga unaoingia mahali pamoja, na kuna aliyeamua nani akae ndani na nani asimame nje.

Tepu yenyewe haikufanikiwa sana. Mlinzi alimtazama binamu kwa jicho la pembeni, naye binamu akaacha kupima, akaanza kuhesabu hatua. Kiatu chake ni namba 43, tumeweka kwenye hesabu.

Jumapili, 14 Septemba

Banda la Nordiki. Nina wiki mbili sijaandika kwa sababu ya hili paa.

Uswidi, Norwe na Ufini wanalitumia pamoja. Sverre Fehn wa Norwe alishinda shindano mwishoni mwa miaka ya hamsini, nalo likafunguliwa mwaka 1962. Ukilieleza kwa haraka ni ukumbi mmoja mkubwa, pande mbili wazi, usio na nguzo hata moja katikati. Mihimili mikuu inavuka karibu mita 25. Hapo ndipo nilipoitazama dari yangu na boriti zake za mita 2.7 nikanyamaza.

Juu ya mihimili hiyo kuna mabamba ya zege nyembamba, unene sentimita 6 na kimo mita 1, yamepangwa kila baada ya sentimita 52.3. Kisha juu yake tabaka la pili, vipimo vilevile, limekatiza la kwanza. Zege lenyewe ni la saruji nyeupe na marumaru iliyosagwa. Katikati ya bustani palikuwa na miti, na Fehn alikataa kuikata. Akaiacha ipenye paa. Kwenye kona moja kulikuwa na mti mkubwa mbele ya mhimili mkuu, basi mhimili ukapasuka vipande viwili na kupita pande zote za shina, kama mto unapokutana na jabali.

Kwa 1:50 lile bamba la sentimita 6 linakuwa milimita 1.2. Kadibodi ilijipinda kwa unyevu wa hapa ndani ya usiku mmoja. Plaiwudi nyembamba ilichanika kwenye msumeno. Fundi wa madirisha alinipa bati la aluminiamu, likakata vidole vya kijana. Mwishowe ni fomaika, mgongo kwa mgongo na karatasi nene katikati, nyeupe tayari, haijui unyevu ni kitu gani. Tumekata vipande 48 kwa upande mmoja na 34 kwa upande wa pili, kila kimoja na kimo cha sentimita 2, na kila kimoja kimepigwa msasa ukingoni. Binti alitengeneza kifaa cha kupangia kwa kuchanja mistari kwenye kipande cha msaji kila baada ya milimita 10.5. Bila kifaa hicho tungekuwa bado tuko kipande cha kumi.

Mhimili unaopasuka niliuchonga mwenyewe, kwa mvule. Mara tatu. Sitaandika zaidi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Jaribio la jua, na aibu.

Kila anayeandika kuhusu banda la Fehn anausifu mwanga wake: haukati, hauna vivuli vikali, kama mwanga wa nchi za kaskazini. Tulitaka kuuona. Saa sita na dakika kumi mchana tukatoa modeli uani, tukachungulia ndani. Jua likaingia moja kwa moja! Sakafu nzima ilichorwa miraba ya moto, kama godoro la kamba za chuma. Kijana akasema paa tumelikosea.

Hatukulikosea. Mwanzoni mwa Oktoba jua la Mombasa linasimama utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Venice iko karibu digrii 45 kaskazini, na huko jua halipandi utosini hata siku moja. Hata Juni huja limeinama, miale yake mingi inagonga ubavu wa mabamba, inaruka kutoka bamba hadi bamba, na inapofika chini imeshapoa. Fehn alilipimia paa lake jua la pale. Ukilileta pwani hii jinsi lilivyo, umejenga jiko.

Binti akafanya hesabu: sisi ni digrii 4 kusini, wao 45 kaskazini, basi tuinamishe ubao kwa digrii 49. Tukainua upande wa kusini wa modeli, kijana akashikilia, na mimi nikalala chali kuchungulia. Na kweli, ndani pakatulia. Mwanga ukawa wa maziwa, umetandaa kila mahali, haujulikani unatoka wapi. Nilitaka kukaa hapo. Mara miti yote mitatu ya vijiti vya mkwaju ikachomoka na kuniangukia usoni, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuibandika. Ufini ilipigwa na mti mmoja, mimi nimepigwa na mitatu.

Modeli ya Nordiki itaonyeshwa ikiwa imeinama hivyohivyo, juu ya kigingi. Watu watauliza kwa nini, nasi tutapata la kueleza.

Jumanne, 21 Oktoba

Uingereza. Kilima kwanza, tabaka za plaiwudi zilizopandana, kisha ngazi, kisha nyumba. Plasta tuliyouziwa duka moja mjini ilikuwa imeshashika unyevu mfukoni. Ukuta wa kwanza ulipasuka kama kisigino. Tumenunua kwingine.

Nyumba hii ilianza kama mgahawa. Ilijengwa mwaka 1887, miaka minane kabla ya maonyesho ya kwanza ya sanaa, na Waingereza wakaigeuza kuwa banda lao mwaka 1909 kwa mkono wa msanifu Edwin Alfred Rickards. Ndiyo iliyo juu kuliko zote bustanini. Mwaka 2018 waliiacha tupu kabisa, wakajenga jukwaa juu ya paa kwa vyuma vya skafoldi, na kila saa kumi jioni wakawa wanatoa chai. Nilimsimulia jirani yangu muuza kahawa, akasema hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya Kiingereza aliyoielewa.

Sasa pazia. Lile la kweli lina shanga za udongo, za kioo, na za makaa yaliyofinyangwa kwa mabaki ya mazao, zimetengenezwa Kenya na India, na limechukua mfano wa manyatta za Kimaasai. Kwetu skeli imetushinda: hata ushanga mdogo kuliko wote sokoni ni mkubwa mno kwa 1:50. Nilitaka kutumia mbegu za ufuta. Shangazi yangu, ambaye tangu Ijumaa amekaa mlangoni na sinia la shanga na uzi wa kamba ya kuvulia, alinitazama tu. "Mwanangu, ufuta utaliwa na mende." Tumekubali shanga zizidi skeli. Tumetunga nyuzi 60, mama wawili wa jirani wamesaidia, na sasa hapa karakanani kuna mazungumzo ambayo wanaume hatukaribishwi.

Kuna jambo nililowaambia wakiwa wanatunga, na likawanyamazisha kidogo. Karne ya 19 shanga za Venice zilishushwa Zanzibar kwa mapipa. Zile nyekundu za samesame zilibebwa na wapagazi mpaka Ujiji na kwingineko, kila kabila na rangi yake iliyokubalika, na mfanyabiashara aliyekosea rangi alikwama njiani na mizigo isiyonunua hata kuku. Kwa shanga hizo zilipatikana pembe za ndovu, na zilipatikana roho za watu. Mwaka huu shanga zimepanda meli kuelekea Venice. Shangazi alikata uzi kwa meno. "Na zimelipiwa?" akauliza.

Ijumaa, 7 Novemba

Misri imekamilika, kazi ya siku tatu. Tumeijenga pamoja na kipande cha safu yake ili ionekane kwamba haikai peke yake. Zimebaki wiki mbili na tatizo kubwa kuliko yote: wapangaji.

Mwaka huu nchi zilizoshiriki ni 66. Zisizo na nyumba bustanini hukodi, wengine katika majumba ya mjini, wengi ndani ya Arsenale, kiwanda cha zamani cha meli za Venice. Na usidhani wapangaji ni watu wa kando. Simba wa Dhahabu, tuzo ya banda bora, mwaka 2021 alikwenda kwa Falme za Kiarabu, kwa saruji iliyotokana na maji ya chumvi yanayobaki baada ya kusafisha maji ya bahari. Mwaka huu amekwenda Bahrain. Kazi yao, iliyoongozwa na Andrea Faraguna, ni ya joto: chimba kisima kirefu, vuta hewa iliyopoa ardhini, itokee juu ya vichwa vya watu wanaofanya kazi nje, na bomba la kupashwa na jua litoe ile ya moto. Venice hawakuweza kuchimba, wakatumia mashine kusukuma hewa. Nimewaeleza wapaka rangi wanaofanya kazi ukutani mtaa wa pili, wameniuliza kisima hicho kitafika Kibokoni lini.

Mpangaji unamtengenezaje modeli? Hana nyumba. Tulijaribu vijisanduku, vikawa kama vibanda vya M-Pesa. Tulijaribu kuijenga Corderie, ule ukumbi mrefu wa Arsenale, lakini una mita 316. Kwa 1:50 ni mita 6.32, na chumba changu ni mita 5.1.

Binti ndiye aliyelifungua fundo. Corderie maana yake ni mahali pa kusokotea kamba. Ukumbi ulirefushwa hivyo ili kamba za merikebu zisokotwe bila kuungwa. "Basi tusijenge ukumbi," akasema. "Tuweke kamba." Nilikwenda karibu na Bandari ya Kale nikanunua kamba ya usumba, nene kama kidole gumba, tukaipima mita 6.32 kamili. Inaanzia ukutani nyuma, inapita juu ya modeli zote, inatoka mlangoni, na ule urefu usioenea, mita 1.22, unakwenda kulala kwenye baraza la nje. Juu yake tumefunga vibao vya mvule vyenye majina: Bahrain, Falme za Kiarabu, Uturuki, Chile, Meksiko, Moroko, Togo ambayo mwaka huu imekuja kwa mara ya kwanza. Togo haswa iko kwenye jengo la mjini, si Arsenale, lakini hatukuwa na kamba ya pili.

Kibao cha mwisho ni Oman. Nao ni mara yao ya kwanza. Msimamizi wa banda lao, Majeda Alhinai, amechagua sabla, mahali pa wanaume wa kijiji kukutania, kuamulia mashauri na kupokelea wageni. Kwa bahati, au kwa hesabu za kamba, kibao cha Oman kimetua juu ya baraza letu. Hatukuongeza kitu.

Jumapili, 23 Novemba

Tumefungua baada ya alasiri. Venice wanafunga leo. Binamu ametuma picha ya maboti ya mizigo yaliyofungwa karibu na Arsenale, maana kule hata boksi la misumari husafiri kwa maji.

Sikuhesabu watu. Chumba kinachukua wanane, na mlangoni palikuwa na foleni mpaka kwa muuza kahawa. Modeli ya Nordiki iliyoinama ilieleweka haraka kuliko nilivyotarajia. Mvuvi mmoja aliitazama, akainama naye, akasema, "Jua lao ni la pembeni," akaondoka. Ufini ilifunguliwa na watoto mara tatu na kufungwa vizuri mara mbili. Mbele ya Uingereza kina mama walisimama wakitafuta kila mmoja uzi wake, na shangazi akawa anaeleza historia ya samesame kwa sauti kubwa kuliko yangu, na kwa makosa machache kuliko nilivyohofia. Msichana wa shule aliuliza mbona Kenya haina kibao kwenye kamba. Kijana akamwonyesha nyumba ya shanga. Akauliza tena, "Mwakani je?" Kijana akanitazama mimi. Nikasema maonyesho yajayo ya usanifu ni 2027.

Nje mambo yalikuwa na mwendo wake. Wazee wa baraza walikuja saa yao ya kila siku na kukuta ncha ya kamba na kibao kwenye nafasi yao. Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Mzee mmoja, ambaye upande wa baba yake ni watu wa Oman, alikisoma kibao, nikamwambia hii ni sabla. "Najua sabla," akasema, akakisogeza kando kwa mkono, akaketi. Walikaa juu ya Oman mpaka magharibi wakizungumza bei ya samaki na mashauri ya mirathi ya mtu ambaye hakuwepo.

Tulipokuwa tunafunga nikaona kamba imekuwa fupi. Mtu wa mkokoteni wa maji alikuwa amekata nusu mita kufungia mitungi yake, na aliomba ruhusa, ila aliwaomba wazee. Nusu mita ni mita 25 za Corderie. Kesho nikipita Bandari ya Kale nitanunua nyingine, na safari hii nitaongeza kidogo.